Mshipa wa Paja la Yakobo

Masomo: Mwanzo 32:22-32; Ezekieli 37:1-14; Wakolosai 2:18-19

  

Naomba kila mmoja afungue Biblia yake katika Mwanzo sura ya 32, aanze mstari wa 22 aende mpaka mwisho. Sitayanakili maneno yake hapa kwa sababu nafasi ni ndogo. Asiye na Biblia asome pamoja na jirani. Ni habari ya Yakobo kwenye kivuko cha Yaboki. Mtu huyu alikuwa mkimbizi. Alimkimbia ndugu yake aliyetaka kumwua, akaishi kwa mjomba wake Labani miaka ishirini, akaoa huko, akazaa huko, akadhulumiwa mshahara huko. Sasa yuko njiani kurudi nyumbani, na ameambiwa kwamba Esau anakuja kumlaki na watu mia nne. Usiku anaamka, anawavusha mto wake zake, wajakazi wao na watoto kumi na mmoja. Sisi tunaoijua Rusizi hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia kuvusha watoto mto usiku ni kitu gani. Wako kati yetu waliovuka mwaka 1996, waliovuka mwaka 2004 wakati Bukavu ilipowaka moto, na waliovuka mwaka 2025.

Kisha Yakobo akabaki peke yake, akashindana mweleka na yule asiyemjua mpaka alfajiri. Akaguswa kwenye uvungu wa paja, akatoka pale akichechemea. Mstari wa 32 unatuambia kwamba ndiyo sababu wana wa Israeli hawali mshipa ule wa paja. Hata leo hawauli. Wayahudi washikao torati wanao wachinjaji waliofundishwa kuutoa mshipa huo katika mnyama, na kwa kuwa kazi hiyo ni ngumu, mahali pengi huacha kabisa kula nyama ya nyuma.

Mshipa huo ni upi? Hapa lugha zetu zinatuchanganya kidogo. Katika Kiswahili chetu tunasema "mshipa" kwa njia ya damu, tunasema "mshipa" kwa ile kamba nyeupe inayounga nyama na mfupa, na tunasema "mshipa" kwa uzi wa fahamu unaopeleka habari. Ndugu zetu wa Kinyarwanda nao wana neno lao umutsi, linafanya kazi zote hizo bila malipo ya ziada. Waganga wa hospitali hutenga: mshipa wa damu ni mbali, kano ni mbali, neva ni mbali. Mapokeo ya Wayahudi yanasema mshipa wa Yakobo ni ile neva kubwa inayotoka kiunoni, ikapita chini ya nyama ya tako, ikateremka nyuma ya paja mpaka mguuni. Hiyo ndiyo neva nene kuliko zote katika mwili wa mwanadamu. Pale inapoanzia hukaribia unene wa kidole. Shikeni habari hiyo, nitairudia.

Kwanza tuongee juu ya nyama, kwa maana ni rahisi zaidi, na mama zetu wanaijua kuliko madaktari. Chemsha kipande cha nyama ya ng'ombe, ile ngumu ya mguu, kwa masaa matatu. Ukiivuta kwa vidole haivunjiki kama mhogo. Inaachana kwa nyuzi ndefu. Ndizo zinazoingia katikati ya meno. Na kabla ya kuipika, ukiitazama pale buchani, utaona utando mweupe unaong'aa umeizunguka nyama, na utando mwingine mwembamba unaingia ndani, unaigawa katika mafungu madogo madogo. Mwenye haraka huukata na kuutupa, bila kujua kwamba ametupa sehemu muhimu kuliko zote.

Msuli umejengwa hivi. Uzi mmoja wa msuli ni seli moja ndefu, nyembamba kama unywele au kupungua hapo, na kila uzi umevikwa utando wake mwenyewe, laini sana. Nyuzi nyingi zinakusanywa katika fungu moja, na fungu hilo lina utando wake. Mafungu mengi yanakusanywa yakawa msuli mzima, na msuli mzima una utando wa nje. Tando tatu. Wenye elimu wanaziita endomisiamu, perimisiamu na epimisiamu. Msijisumbue kuyashika majina hayo, mtihani haupo. Na ukiufungua uzi mmoja kwa hadubini, unakuta nao ni fungu la nyuzi ndogo zaidi, mamia na maelfu. Katika mwili mmoja misuli inapita 600, na yote imefungwa kwa namna hii.

Mwanzo sura ya 2 inasema tulifinyangwa kwa mavumbi. Daudi katika Zaburi ya 139 na Ayubu katika sura ya 10 mstari wa 11 wanaongeza kwamba ndani yetu tulifumwa na kuunganishwa, nyama na mifupa na mishipa. Hawakuwa na hadubini. Walichinja wanyama, wakatazama.

Nimesema kwamba utando ni sehemu muhimu, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike somo hili. Wengi wetu tungedhani kwamba kila uzi wa msuli umeshikwa mfupani huku na huku, kama kamba ya kuanikia nguo. Sivyo. Katika misuli mingi mirefu kuna nyuzi zinazoishia katikati, hazifiki kwenye kano kabisa. Sasa uzi usiofika unavutaje mfupa? Unavuta utando wake. Utando unapeleka nguvu kwa uzi wa jirani, jirani anaipeleka kwa fungu, fungu linaipeleka mbele, na mwisho tando zote tatu zinaungana pale mwisho wa msuli zikawa kano, na kano ndiyo inayoshika mfupa. Nguvu ya yule asiyefika haipotei hata kidogo, mradi utando uko mzima.

Wapendwa, tunao wazee katika kanisa letu ambao hawatafika. Tuseme wazi. Wako waliongoja majina yao yatoke kwa kwenda Kanada au Marekani tangu watoto wao wakiwa wadogo, na sasa watoto ni baba za watu. Wako wanaongoja kurudi Fizi, Uvira, Kalehe, Masisi, na nguvu za kutembea zimewaishia. Yuko nyanya mmoja, nanyi mnamjua, anayefundisha wasichana kusuka mikeka na kuomba. Yeye mwenyewe hatafika kokote zaidi ya hapa mpaka Bwana atakapomwita. Lakini wasichana aliowashika mikono wameolewa Kigali, wengine wako Nairobi, na wanaomba kama alivyowafundisha. Sikubaliani na wale wanaosema mbele ya wazee kwamba "hapa tunapoteza maisha tu." Maneno hayo ni kisu cha kukata utando.

Sasa twende Ezekieli 37. Naye Ezekieli hakuwa mtu wa kukaa kwao. Alikuwa mhamishwa, ameketi kando ya mto Kebari katika nchi ya Wakaldayo. Anaonyeshwa bonde la mifupa mikavu. Angalieni utaratibu: mifupa inasogeleana kwanza, kisha mishipa, kisha nyama, kisha ngozi, na pumzi inakuja mwisho. Kabla ya pumzi kuna kufungwa pamoja. Mara nyingi sisi wa makanisa ya uamsho tunaomba pumzi ishuke juu ya mifupa iliyotawanyika, tunapiga kelele, tunafunga siku tatu, lakini mfupa na mfupa mwenzake hawajasalimiana tangu Pasaka. Na mstari wa 11 unaeleza ile mifupa ni akina nani: ni watu wanaosema kwamba tumaini lao limepotea na kwamba wamekatwa mbali. Neno hilo la kukatwa tulitunze pia.

Nimefikia jambo linaloumiza. Kati yetu ziko mitualite za kila namna: ya watu wa milimani, ya watu wa bonde la Rusizi, ya Bukavu, ya Kaskazini. Kila moja ina daftari, ina mweka hazina, ina mchango wa kila mwezi wa matanga na ndoa. Mimi sizipingi. Kuna wachungaji wanaozihubiri kama dhambi, nami naona wanakosea, maana Mungu mwenyewe hakuufanya msuli kuwa donge moja. Aliweka mafungu ndani yake, na kila fungu akalipa utando wake. Nyuzi zisipokuwa na tando kati yao hushikamana, na msuli ulioshikamana, kama ule wenye kovu la jeraha, haunyooki wala haukunjiki. Mtu afiwapo, heri kuwe na wanaojua kumlilia kwa lugha ya mama yake.

Lakini mwaka huu alikuja kwetu mama mmoja na mtoto wa kiume wa miaka sita. Baba wa mtoto alikuwa wa kabila moja, mama ni wa lingine, na baba hayuko tena. Njiani, wakati wa kukimbia, mtoto alishikwa na homa kali, na mtu fulani mwenye begi la dawa akamchoma sindano takoni. Mtoto alipiga ukelele mmoja, na tangu siku ile unyayo wa kulia haukuinuka. Akitembea anaunyanyua mguu juu kama jogoo ili vidole visiburuzike chini. Mama aliomba msaada wa nauli ya kumpeleka hospitalini kwa mazoezi mara mbili kwa wiki. Mitualite moja ikasema: huyu ni wa upande wa mume wake, waulizeni wale. Wale wakasema: mume amekufa, mama arudi kwao. Na hivyo majuma saba yakapita. Majuma saba, wapendwa, katika kanisa lenye kwaya nne.

Sasa nairudia neva ya Yakobo, maana sindano ile iliingia hapo hapo. Neva nayo imefungwa kama msuli. Kila uzi wa fahamu una ala yake, nyuzi zinakusanywa katika fungu lenye utando mgumu, na mafungu yanakusanywa ndani ya kifuniko cha nje. Ni kama waya wa umeme: nyaya nyembamba ndani, kila mmoja na mpira wake, halafu mpira mkubwa juu ya zote. Na hiyo neva kubwa ya paja kwa kweli ni neva mbili zilizofungwa katika kifuniko kimoja. Moja inakwenda nyuma ya mguu mpaka kwenye wayo. Nyingine inazunguka chini ya goti upande wa nje na kuinua unyayo. Hii ndiyo inayojeruhiwa mara nyingi zaidi. Uzi mmoja katika neva hiyo unaweza kutoka kiunoni mpaka kidole cha mguu bila kuungwa, kwa mtu mzima urefu wa zaidi ya mita moja, nao ni mwembamba hata jicho haliuoni.

Hapa niseme neno kwa wazazi wote, hata kama si la mahubiri. Msikubali mtu asiye muuguzi awachome watoto sindano. Kwa mtoto mchanga na mtoto mdogo mahali pa kuchomwa ni upande wa nje wa paja, si tako. Kwa mtu mkubwa, ikibidi tako, ni pembe ya juu ya upande wa nje, mbali na neva hiyo. Na kama kuna dawa ya kumeza inayotosha, msilazimishe sindano kwa kudhani kwamba ndiyo yenye nguvu. Ugonjwa huu wa mguu baada ya sindano umelemaza watoto wengi katika nchi zetu, Uganda na kwingineko, na ungeweza kuepukwa.

Uzi wa neva ukikatika, nini kinatokea? Mwaka 1850 mganga Mwingereza aitwaye Augustus Waller alikata neva za ulimi wa vyura, akaona kwamba kipande kilichotengwa na mzizi wake kinakufa chote, mpaka mwisho. Hakuna namna. Kilichokatwa mbali na chanzo chake hukauka, kama ile mifupa ilivyosema. Lakini baadaye ikajulikana kwamba ala haifi pamoja na uzi. Uzi unaoza na kuondolewa, ala inabaki tupu, kama mrija, na zile seli zilizokuwa zinauvika uzi zinajipanga mstari ndani ya mrija zikingoja. Kisha upande ule ulio hai, ulioshikwa na uti wa mgongo, unachipua. Chipukizi likiukuta mrija wake, linaingia na kuanza safari. Mwendo wake ni kama milimita moja kwa siku. Jipimieni kwenye rula ya mtoto wa shule. Milimita moja leo, moja kesho. Sentimita tatu kwa mwezi.

Kama ala imechanika na chipukizi halioni njia, halitulii. Linazunguka pale pale, linajikunja, linafanya kifundo, na kifundo hicho kinauma ukikigusa tu. Mimi nimekutana na vijana wa namna hiyo katika kambi zaidi ya moja. Nguvu ya kuchipua wanayo, tena nyingi. Hawana mrija. Walikatwa na shule, wakakatwa na babu aliyekuwa anawafundisha, na sisi tuliobaki hatukuwashikia hata ala tupu ya kuwangoja. Halafu tunashangaa kwamba kila wanapoguswa wanauma.

Kwa mtoto wetu, tangu takoni mpaka kwenye msuli unaoinua unyayo ni kama sentimita 30. Hesabuni wenyewe: miezi kumi, kama mambo yanakwenda vizuri. Na kuna sharti. Msuli usiopata habari ya neva hunywea. Ukikaa mwaka au mwaka na nusu bila kufikiwa, unageuka kuwa kama kovu, hata neva ikifika unakuta nyumba imefungwa. Kwa hiyo mguu lazima ukunjwe na kunyooshwa kila siku na mtu mwingine, na unyayo ushikiliwe na kifaa usianguke, ili viungo visikauke wakati wa kungoja. Mtoto hawezi kuusogeza mguu wake mwenyewe. Lazima mikono ya wengine iusogeze mpaka yeye aweze. Mnaona sasa kwa nini majuma saba yaliniuma.

Ashukuriwe Mungu, halikuishia hapo. Mama mmoja wa mitualite ya tatu, ambayo haikuulizwa hata kidogo, alianza kumbeba mtoto mgongoni kwa kitenge mpaka hospitalini bila kumwambia mtu. Walipomwona, vijana wawili wa kwaya wakapokezana naye, na hao vijana ni wa makabila ambayo hapo zamani hayakupokezana kitu. Nilipolisikia nilikumbuka kitu kingine juu ya msuli. Neva moja inapoingia katika msuli haichagui fungu moja na kulitawala. Matawi yake yanaenda kwa nyuzi zilizotapakaa huku na huku, zimechanganyika na nyuzi za neva nyingine. Katika msuli wa jicho neva moja inaamuru nyuzi chache tu. Katika paja inaweza kuamuru zaidi ya elfu. Amri ikija, zinavuta pamoja ingawa si majirani. Na kwa kazi nyepesi Mungu ameweka kwamba vikosi vidogo vianze kwanza, vile vikubwa vinaingia mzigo ukizidi. Yule mama hana cheo chochote kanisani. Anafagia.

Wazee wa kanisa walipokaa mwezi uliopita, wengine walitaka mitualite zivunjwe zote, iwe moja. Wengine walitaka kila kundi lifanye na ibada yake kwa lugha yake, tugawane na benchi. Nilipinga yote mawili, na nitaendelea kupinga. Msuli bila mafungu ni donge, nalo fungu likitoka nje ya utando wa msuli ni kipande cha nyama, halivuti mfupa wowote. Paulo anapowaandikia Wakolosai, sura ya 2 mstari wa 19, anamlaumu mtu asiyeshika Kichwa, ambacho kwacho mwili wote unaruzukiwa na kuungamanishwa kwa viungo na mishipa. Waraka huo huo mwishoni una salamu za Luka, tabibu. Mimi hufikiri, na hili ni wazo langu tu, kwamba Paulo alikaa na Luka jioni nyingi wakizungumza habari za miili.

Tulichopatana ni hiki: kila mitualite ibaki na daftari lake, lakini sehemu ya kumi ya kila mchango iingie katika sanduku moja lisilouliza mtu ametoka wapi. Sanduku hilo linashikwa na mashemasi watatu kutoka makundi matatu, na halifunguliwi pasipo watatu. Kuna waliokasirika. Kundi moja halijatoa bado. Tunawangoja kwa upendo, tena tunawataja kwa upole katika maombi, si kwa majina.

Ndugu wa kundi hilo niwaambie jambo moja juu ya ukoma, nao wengi wenu mnaukumbuka kutoka Kongo. Mdudu wa ukoma hupenda kukaa ndani ya neva, hasa zile zilizo karibu na ngozi, kwenye kiwiko na goti. Mwili unapopigana naye neva inavimba. Lakini kile kifuniko chake ni kigumu, hakitanuki, kwa hiyo uvimbe unageuka ndani na kuzibana nyuzi zenyewe mpaka zinakufa ganzi. Daktari Paul Brand, mtoto wa wamisionari, alifanya kazi Vellore kule India, akaonyesha kwamba vidole vya mgonjwa wa ukoma haviozi vyenyewe. Vinaumia kwa moto na misumari kwa sababu mwenye navyo hasikii maumivu. Jamii iliyojifunga sana huvimba ndani namna hiyo, na dalili ya kwanza si kelele. Dalili ni kwamba haisikii tena uchungu wa mwingine. (Na aliye na baka la ngozi lisilosikia sindano au moto aende kituo cha afya bila aibu. Ukoma una dawa, hutolewa bure, na hupona.)

Mtoto yuko katika mwezi wa tano sasa. Unyayo haujainuka. Wiki mbili zilizopita yule mtaalamu wa mazoezi alimgonga taratibu kwa ncha ya kidole kando ya paja, akishuka chini, na mahali fulani karibu na goti mtoto aliruka, akalia kwamba amepigwa na umeme. Mama yake akaanza kulia pia, akidhani mguu umeharibika zaidi. Yule mtaalamu akacheka kwa furaha. Akaeleza kwamba alama hiyo ilijulikana tangu mwaka 1915, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, kutoka kwa askari waliokatwa neva: pale panapotoa umeme ndipo chipukizi lilipofika. Mara ya mwisho lilikuwa juu, katikati ya paja. Limeshuka.

Nirudi kwa Yakobo, nimalizie. Alitoka Penieli jua likimzukia, akichechemea. Biblia haisemi kwamba alipona. Sura ya 33 inasema kwamba asubuhi ile ile alitangulia mbele ya watoto na wake zake, na mguu wake ule, akainama mpaka nchi mara saba mbele ya ndugu yake, na Esau akapiga mbio kuja kumkumbatia, wakalia wote wawili. Kisha Esau akasema waende pamoja. Someni mstari wa 13 na wa 14 mwone Yakobo alivyojibu. Alimwomba ndugu yake atangulie, naye atafuata polepole, kwa kadiri ya mwendo wa wanyama na wa watoto, kwa sababu wakiharakishwa hata siku moja watakufa.

Maombi ya Alhamisi yatakuwa kwa ajili ya mtoto huyu, na kwa wengine watatu wenye shida ya miguu walioandikishwa. Orodha ya kumpeleka hospitalini iko kwa shemasi wa zamu; Jumanne ya pili na Ijumaa ya tatu bado hazina mtu. Wenye sanduku watakutana baada ya ibada ya Jumapili. Bwana awe nanyi nyote, na wale mlio mbali mtusalimie wote wanaotupenda katika imani.